Wasifu wa Mama Benedetta Akiror, Mpiga Pasi wa Malaba

Padri, wazee wetu, majirani: mimi ni Roselida, mdogo wake marehemu. Kama kungekuwa na mtu mwingine wa kusoma haya ningemwachia.

Marehemu Benedetta Akiror alizaliwa mwaka wa 1931 karibu na Kocholia, kifungua mimba wa mzee Ojakol na mama Aluka. Alisoma kwa masista hadi darasa la nne, na huko ndiko alikofundishwa pasi, kwa vitambaa vya altare. Alitoka akijua kusoma, kusali na kunyoosha kola. Kola ndiyo aliyoipenda zaidi, Padri utamsamehe.

Mwaka wa 1951 alifunga ndoa na Yohana Emojong, kuli wa stesheni ya Malaba, wakapanga chumba kando ya barabara ya malori. Hapo ndipo alipoanza kazi. Pasi yake ilikuwa ya makaa, nzito. Aliipitisha kwanza juu ya jani bichi la mgomba ili iteleze, akanyunyizia nguo maji ya wanga wa muhogo, na hapo usimsemeshe. Kola ikikaa sawa alicheka peke yake, akaiinua tuione. Makarani wa forodha, askari, walimu wa kutoka hata Nambale, wote walimletea nguo. Jirani yetu Okiror yuko hapa, atawaambia alivyozuiwa mlangoni pa kanisa siku ya harusi yake, koti limekunjamana.

"Bwana, unaenda kuoa ama kupalilia?" marehemu alimwuliza. Akamvua koti akaenda kulipiga pasi, na Padri akangoja.

Lakini lile vumbi letu. Lori moja likipita, shati jeupe linakuwa jekundu. Kwa hivyo alifunga mlango na dirisha, akafanya kazi humo ndani na moshi wa makaa, miaka yote hiyo. Kikohozi kilimwanza mwaka wa 1965. Daktari alimwambia wazi kwamba makaa yatoke ndani, la sivyo kifua kitamuua. Akahamia nje, kando ya ukuta. Wiki hiyo hiyo kanzu za Pasaka zikajaa vumbi. Alizifua upya akilia, akarudi ndani.

Nilienda nikamgongea. "Dada, fungua mlango upumue."

"Nikifungua, Roselida, watu watavaa nini?"

Mimi nilimwomba, mumewe alimwomba, na Mungu tulimwomba. Hatukusikilizwa na yeyote.

Kufikia Februari mwaka huu hakuweza tena kupuliza makaa. Jumapili iliyopita aliomba pasi, Emojong akampulizia, naye akapiga nguo moja tu, gauni la kanisani la Petronilla, kitinda mimba wake. Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, alfajiri, alifariki hospitalini akiwa ameushika mkono wangu.

Ameacha mama yetu Aluka, mumewe Yohana Emojong, na watoto Titus, Mildred na Petronilla. Petronilla ndiye yule mnayemwona amesimama pale. Tangu avalishwe leo asubuhi amekataa kuketi, asije akalikunja gauni. Nimemwambia likikunjika nitalipiga pasi mimi. Anajua siwezi kama mama yake, na mimi najua, na sijui tutafanyaje.

Dada yetu apumzike sasa. Mungu ampe pumzi.