Siku Niliyoshusha Mkono Mdomoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na walio mbele, asifiwe na sisi wa benchi la nyuma karibu na mlango, tunaokaa pale ili ibada ikiisha tuwe wa kwanza kufika nyumbani.

Wanaonifahamu wanajua mimi si mtu wa kusimama mbele. Mimi ni wa nyumbani. Nikialikwa harusi nasema mguu unauma, na mguu wenyewe unapona gari la harusi likishapita. Leo nimesimama, na meno yangu yote mnayaona. Huo peke yake ni muujiza, lakini ngojeni niwaeleze.

Nilizaliwa upande wa Nduguti. Kisima chetu kilikuwa na maji yenye madini, na wengi tuliokua tukiyanywa meno yetu yalitoka ya kahawia. Nyumbani hakuna aliyejali, maana tulifanana. Tabu ilianza nilipokwenda sekondari ya bweni mkoa mwingine. Siku ya kwanza tu nikacheka, binti mmoja akaniuliza, "We dada, unakula ugoro?" Bweni zima likaangua kicheko. Kuanzia hapo nikaitwa Chai ya Rangi, na kuanzia hapo mkono wangu ukapanda mdomoni ukakaa huko.

Ndugu zangu, nilihangaika! Nilisugua kwa mkaa, nikasugua kwa majivu, nikasugua kwa limao mpaka maji ya baridi yakawa adui. Nilifunga na kuomba Mungu anibadilishie meno. Siku moja nilipakwa mafuta ya upako kwenye paji la uso, nikayakomba kwa kidole nikayapeleka kwenye meno. Mnacheka? Chekeni tu. Nilikimbilia kioo. Kahawia ile ile, ila sasa inang'aa.

Nilipoolewa hapa Kinampanda nilikuja na mkono wangu. Msimu niliupenda ule wa kupiga alizeti, maana kwa vumbi lile kila mtu hujifunga khanga usoni, nami nikaonekana mtu wa kawaida. Ulipokuja ule ugonjwa wa barakoa, watu walilalamika. Mimi, Mungu anisamehe, nilishona za kila rangi.

Sasa mama mkwe wangu. Ndiye yule pale mwenye kilemba cha njano, anayejifanya hasikii. Mama huyu alinipokea kama binti wa kumzaa. Nilipojifungua Eliya alinikanda maji ya moto mpaka nikaomba poo. Tena ni mtu wa utani. Akianza kusimulia, hata kuku wanasogea. Nami kila akinichekesha nafunika uso kwa khanga, nageukia ukutani. Nilidhani najificha. Sikujua mwenzangu anaona nini.

Mwaka jana, baada ya mavuno, niliingia jikoni kwake asubuhi kumpelekea uji. Nikakuta kikapu kimefungwa na mkeka umekunjwa. Nikaziba mdomo kama kawaida yangu.

"Shikamoo Mama. Ni safari?"

"Marahaba. Naenda Rungwa kwa wifi yako. Nikakae huko."

"Mpaka lini, Mama?"

"Mpaka Bwana anichukue. Mama Eliya, nimechoka kunuka."

Sikuelewa. Akaendelea, akikaza kamba ya kikapu. "Tangu umeingia mji huu, ukiniona unaziba pua. Nimelisiliba jiko hili upya. Nimeacha kupika mlenda na dagaa, na unajua ninavyovipenda. Naoga kabla hujaja. Bado unaziba. Nifanye nini tena, mwanangu?"

Ndugu zangu! Nilitoka pale nikaenda nyuma ya zizi la mbuzi, nikapiga magoti kwenye samadi. Nikasema, Bwana, miaka yote nimekusumbua kwa meno. Leo sitaki meno. Nataka Mama abaki.

Hapo ndipo moyo wangu ulipofunguka. Nikaona nimekuwa nikimwomba Mungu aniumbe upya, kana kwamba alipokuwa akiniumba alipitiwa na usingizi. Kumbe Yesu alikuwa akinitazama siku zote kwa upendo, mimi ndiye niliyegeukia ukutani! Amani ikaniingia, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Nikainuka na samadi yangu magotini, Chai ya Rangi yule yule, ila sasa sikumchukia.

Nikarudi jikoni, mikono nimeifunga nyuma. "Mama, nitazame." Nikafungua kinywa.

Mama akanivuta mlangoni penye mwanga, akanishika kidevu, akanikagua kama mbuzi wa mnadani. Juu, chini, pembeni.

"Ni haya tu?"

"Ni hayo, Mama."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

"Yaani nimesiliba jiko zima kwa ajili ya meno!" Akapiga makofi. "Na dagaa wangu je? Nani atanirudishia dagaa wangu?"

Nilicheka, ndugu zangu. Nilicheka mdomo wazi mpaka Baba Eliya akaja mbio kutoka shambani akidhani kuna msiba. Akasimama mlangoni, akanitazama, akasema taratibu, "Kumbe ndivyo unavyocheka."

Kikapu tulikifungua mimi na Mama. Mchana tukala mlenda na dagaa, na jiko likanuka vizuri sana.

Meno hayajabadilika. Aliyebadilishwa ni mimi, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Wewe mwenzangu unayeficha kovu, au kigugumizi, au darasa ulilofeli, mletee Yesu kitu hicho kama kilivyo. Alishakiona, na hakukugeuzia uso. Tena angalia, huenda unayempenda anadhani ni yeye unayemzibia pua.

Mkono wangu bado unajisahau, unapanda wenyewe. Mama akiuona huniuliza tu, "Mama Eliya, nifunge kikapu?"

Mnamwona? Anauliza hata sasa, pale alipo.

Nimeshusha, Mama. Kaa.