Hatua Mia za Balozi

Kwenye Noah ya kutoka Mikumi nilikuwa nachati, nikaacha nimsikilize Bibi Editha, abiria mwenzangu. Alikuwa anaenda kwenye baraza la ardhi kutetea shamba alilogawiwa na kijiji enzi za ujamaa.

"Balozi wa nyumba kumi alinipimia hatua mia," alimwambia jamaa mrefu wa pembeni. "Juzi mwenyekiti wa kijiji kahesabu mia zake, mfupi yule, kipande kilichobaki akamuuzia tajiri."

"Siku hizi ardhi ni biashara, bibi. Sheria inataka hati."

"Katiba bado inasema nchi yetu ni ya ujamaa, mjukuu wangu."

"Inasema, ila mnunuzi haisomi."

Hata dereva alicheka. Bibi hakucheka. Gari liliposimama njia panda ya Kisanga ili ashuke, alikuwa anayaangalia magoti ya jamaa yaliyogusa siti ya mbele.

"Una miguu ya marehemu balozi," akasema. "Shuka ukanihesabie."

Jamaa akaitazama miguu yake. Konda ameshafungua mlango.