Hamidu Salumu, Mshika Mkia wa Msafara wa Mbwawa

Wazee wangu shikamooni, wafiwa poleni, na ninyi waendesha baiskeli mlioziegemeza pale ukutani, sogeeni mketi. Mimi ni Sadick, mdogo wake marehemu, baba mmoja mama mmoja, na haya nitakayoyasoma sikuhadithiwa na mtu, yote nimeyashuhudia kwa macho yangu, hata kuzaliwa kwake, ambako alinitangulia kidogo tu.

Ndugu yetu Hamidu Salumu alizaliwa tarehe 12 Machi 1974, kijijini Kurui, wilayani Kisarawe, mtoto wa kwanza wa Mzee Salumu na Bi Mwanaasha, wakulima wa mihogo na korosho, akiwa mnene kiasi kwamba mkunga aliuliza kama amekuja na mizigo yake.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Kurui, kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, pamoja na chuo cha Kurani, na kila mchana alifika nyumbani wa mwisho, kwa sababu alitembea na Zawadi wa jirani aliyekuwa akichechemea, huku sisi wenye mbio, nami nikiwa sina mpinzani Kisarawe nzima, tumeshakula na kulamba sufuria.

Mwaka 1992 alikwenda Mlandizi kujifunza ufundi wa baiskeli, mwaka 1999 akafungua kibanda chake Mbwawa, na tarehe 5 Januari 2003, vijana na akina mama wa mtaa walipoanzisha msafara wa baiskeli wa kila Jumapili, akajitolea kuuongoza. Akauongoza kwa namna yake, mbele anamweka mwenye pumzi fupi kuliko wote ili mwendo uwe wa huyo, yeye anakaa mkiani na pampu na viraka vyake, asibaki mtu njiani, na mwenye miguu ya kujisifu, ambaye simtaji kwa kuwa ndiye anayewasomea, akichomoka mbele aliambiwa, "Mdogo wangu, shuka usukume kwanza, damu ipoe."

Sharti lake jingine lilikuwa kwamba nyumba yenye msiba haipitwi kwa kukanyaga pedeli, mnashuka wote, mnasukuma, mnaingia kutoa pole. Basi tarehe 8 Agosti 2004, kule Gwata, tuliona turubai, wanaume wameketi mikekani kimya, nyuso zimewashuka, Hamidu akatushusha, tukavua kofia, akamshika mkono Mzee Mwinyijuma mwenye nyumba, akainua mikono na kumwombea marehemu dua ndefu iliyonyooka. Mzee akaitikia amina, kisha akasema, "Mwanangu, huyo unayemwombea yuko ndani anapakwa hina." Ilikuwa harusi, bwana harusi kachelewa, ndiyo maana wamenuna. Siwema, mdogo wa mama yake bibi harusi, akatoka na sinia la pilau, akamwuliza, "Kaka, utakula, au unataka jembe ukachimbe?"

Alikula, na Jumapili iliyofuata msafara ukapita Gwata tena, na iliyofuata tena, mpaka akamwoa Bi Siwema, Ijumaa ya tarehe 18 Machi 2005, wakajaliwa watoto wawili, Raudha, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2006, na Mwinyimadi, aliyezaliwa tarehe 21 Septemba 2010.

Mwezi Novemba 2024 figo zilianza kumsumbua, akashindwa kupanda baiskeli, na tulipomwuliza kinachomuuma hakutaja mwili, alisema, "Nani atakaa mkiani? Sadick? Huyo atafika Gwata peke yake." Na kweli, msafara ulianza kumeguka, wenye nguvu wakikimbia, wenye pumzi fupi wakibaki nyumbani, mpaka Raudha alipoitoa ndani baiskeli ya kijani ya baba yake, akakusanya watu nyumba kwa nyumba. Jumapili ya tarehe 15 Juni 2025 msafara mzima ulipita chini ya dirisha la mgonjwa, kila mmoja akipiga kengele, na ya mwisho kabisa ikasikika ile ya Hamidu mwenyewe, inayokwaruza kama koo la jogoo mzee, naye akafumbua macho, akasema, "Wote wamefika." Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 17 Juni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliolala nje na sisi, mafundi wenzake wa Mlandizi, na ninyi wa msafara, mlioshuka leo pale kona na kusukuma, safari hii bila kukosea nyumba.

Jambo moja tu nimelitia mwenyewe. Siku ile sikuwamo chumbani, nilikuwa barabarani, mbele, kama kawaida yangu, na yale maneno ya kwamba wote wamefika nimeyatunga, maana nilitamani ayaseme. Aliyekuwamo ni shemeji Siwema, naye anasema Hamidu hakufumbua macho wala kutamka kitu, ila kengele ya Raudha ilipolia, kidole gumba chake kilibonyeza shuka, mara mbili, kama mtu anayejibu.

Kaka, pumzika kwa amani, mkiani yupo mtu.