Shangazi Ruhusa na Sauti ya Pili

Kila asubuhi, akifagia chumba chake, marehemu shangazi yetu aliimba sauti ya pili peke yake. Bila ile ya kwanza, majirani hawakuutambua wimbo. Mmoja alimuuliza dirishani, "Dada, huo wimbo mbona hauendi popote?" Akajibu, "Unamngoja mwenzake."

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, wa kwanza kati ya watoto wawili. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kanisa, na hapo mke wa mchungaji alimfundisha kinanda, miguu yake ikiwa bado haifiki chini. Alipomaliza sekondari mwaka 1976 aliajiriwa na kiwanda cha uchapaji kama msahihishaji, hadi alipostaafu mwaka 2012. Huko, akisahihisha vitabu vya nyimbo, ndiko alikojifunza kwamba wimbo una mwenyewe, na haunakiliwi bila ruhusa yake.

Jumamosi alipiga kinanda kwenye arusi, na maharusi walikaa naye kwanza kuchagua nyimbo. Bibi arusi mmoja alitaka wimbo aupendao unakiliwe kwa kwaya nzima.

"Mtunzi alishafariki zamani," bibi arusi alisema, shangazi alipomuuliza kuhusu ruhusa.

"Huyo hana neno. Lakini aliyeufasiri yuko hai. Tumwombe ruhusa."

"Shangazi, kwani si wimbo wa Mungu?"

"Mungu sina wasiwasi naye. Ni huyu mfasiri ambaye hatujamuuliza."

Ruhusa ilikuja kwa simu, asubuhi ya arusi yenyewe. Mfasiri alikuwa analia. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba. Tangu hapo vijana wa kwaya wakamwita Shangazi Ruhusa.

Yeye mwenyewe hakuolewa. Kwenye arusi za wengine, wimbo wa kutokea kanisani aliupiga mpaka mtu wa mwisho atoke. Akishafunika kinanda na kufunga madirisha, msafara ulikuwa umeshaondoka kwenda ukumbini, kila mmoja akidhani shangazi amepanda gari la mwingine. Mara nyingi alirudi nyumbani kwa miguu, viatu vya arusi mkononi, na hakumlaumu mtu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, kaka yake mdogo akiwa amemshika mkono. Ameacha kaka huyo, wifi yake, na sisi watoto watatu wa kaka. Mungu ampe pumziko jema.

Nyimbo za mazishi ya leo alizichagua mwenyewe. Siku chache kabla hajatuacha, nikimchana nywele, nilimuuliza: ingekuwa arusi yake, angechagua wimbo gani wa kutokea?

"Mfupi," alisema. "Mpiga kinanda asiachwe na magari."