Fundi wa Mawe Aliyekaa Penye Bomba

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Chokaa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu kati ya watano wa mshona viatu na mkunga. Mama yake alisimulia kwamba siku hiyo alilia mpaka jirani wa chumba cha tatu akaja kupiga hodi kuuliza kulikoni. Mapafu alikuwa nayo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1978 hadi 1984, kisha sekondari hadi kidato cha nne, 1988. Cheti chake hakikuwa cha kutundikwa ukutani. Ila mwalimu wa hesabu alikiri kwamba kijana yule alikadiria pembe kwa jicho na kupatia, halafu akashindwa kueleza amepatiaje. Alikuwa anapewa maksi ya jibu na sifuri ya njia.

Januari 1990 aliingia karakana ya mawe iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto. Alianza kwa kubeba, mwaka wa nne akakabidhiwa msumeno, na kwa jumla alifanya kazi pale miaka thelathini na mmoja. Alikata meza za jikoni, ngazi na vizingiti vya madirisha. Wengi wenu hapa mkitua sufuria nyumbani, mnaitua juu ya kazi ya mikono yake. Jioni alirudi mweupe kuanzia nyusi hadi kamba za viatu, na watoto wa mtaani wakampa jina.

Kwenye wasifu mtu husifiwa, na yeye anastahili. Lakini hili linalofuata aliagiza mwenyewe lisomwe, na lisipunguzwe makali. Mwaka 2014 mdogo wake, kitinda mimba wa familia, aliajiriwa pale pale. Alikuja na jambo alilofundishwa chuo cha ufundi: kulimwagia jiwe maji wakati wa kukata, ili vumbi lisiruke. Marehemu akamtazama, akasema mbele ya mafundi wote, "Huyu amekuja kukata jiwe au kuliogesha?" Akambatiza Samaki. Karakana ikacheka mpaka misumeno ikazimwa. Wiki ya pili Samaki alifunga bomba, akakata mawe makavu kama wenzake, kwa miaka saba.

Mkewe alikutana naye kazini. Dada huyu alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya chuo cha ualimu, na marehemu alitumwa kupima meza ya kupakulia chakula. Alipima Jumatatu, akapima Jumatano, Ijumaa akarudi tena na futi yake. Mpishi akaweka mwiko chini.

"Fundi, hiyo meza inarefuka?"

"Meza nilishaimaliza Jumatatu, dada."

Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1997, wakajaliwa binti na mvulana.

Kikohozi kilianza 2018. Kisha ngazi za nyumbani kwake, alizozikata mwenyewe, zikaanza kumshinda. Alisimama kwenye ngazi ya tano akijifanya anakagua kazi. Zahanati walimuuliza anafanya kazi gani, akajibu, "Fundi," wakaandika fundi, basi. Fundi cherehani ni fundi, fundi saa naye ni fundi. Alimeza dawa za kifua kikuu miezi sita, mara mbili, ingawa makohozi yake yalipopimwa hayakuonyesha kitu.

Februari 2021 mkewe alichoka, akampeleka hospitali kubwa akiwa na kofia yake ya kazi ndani ya mfuko. Daktari alipouliza kuhusu kazi, mama huyu aliitoa kofia akaipiga mezani mara mbili. Daktari akasogeza kikombe chake cha chai.

"Hiyo ndiyo kazi yake, daktari. Mimi naifua, yeye anaivuta."

Ndipo ugonjwa ukapata jina: silikosisi. Vumbi la mawe limetia makovu kwenye mapafu, na makovu hayo hayafutiki. Kinga yake ilikuwa maji, na aliyetakiwa kuyanywa ni msumeno.

Marehemu hakwenda nyumbani. Alishukia karakana, akamwita mdogo wake pembeni.

"Wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Fungulia bomba."

"Kaka, nikifungulia watanicheka."

"Wanicheke mimi. Mchezo niliuanza mimi."

Kuanzia siku hiyo alikwenda kila asubuhi, akaweka kiti chake penye bomba. Mwenye karakana alilalamika kwamba sakafu inakuwa tope na kazi inachelewa. Marehemu, aliyekuwa akivuta pumzi kati ya neno na neno, alimjibu, "Tope linazolewa, bosi." Akakaa. Miezi mitatu baadaye misumeno yote minne ilikuwa imefungwa mipira ya maji, ufagio mkavu umepigwa marufuku, na barakoa zenye vichujio zimenunuliwa.

Mdogo wake alipopigwa picha ya kifua, vilionekana vidoa. Ni vichache, lakini vipo. Marehemu alilia kama mtoto. Mdogo wake akamwambia, "Kaka, ulinicheka miaka saba. Kaa bombani miaka saba, tutakuwa sawa." Alikaa mitatu na miezi minne. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mke, binti, mvulana, ndugu wanne, na mafundi tisa aliowafundisha kukata mawe makavu. Jina la Samaki bado linatumika pale karakana, ila siku hizi mafundi wanagombania kuitwa hivyo. Kati ya wale tisa, sita wameshapigwa picha ya kifua. Watatu mliobaki mnajijua, mmesimama nyuma kabisa, na mmebeba jeneza vizuri, asanteni. Jumatatu saa mbili asubuhi mjane wake atakuwa mlangoni pa hospitali kubwa akiwasubiri. Hilo ndilo aliloliomba mwisho, na hakuliomba kwa mzaha.

Kazi ya kuvuta pumzi imemwishia. Apumzike kwa amani.