Bi Verna Kolarik, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule za Dry Willow

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mlioacha mahindi yakingoja kuvunwa ili mje kumsindikiza shangazi yangu, familia imenipa mimi, Leland Stuhr, mtoto wa kaka yake, heshima ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma pamoja na makosa yake, kwa kuwa alituonya mwenyewe kwamba tukimfanya malaika hamtamtambua.

Verna Marie Kolarik alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, shambani kwa wazazi wake, Bwana Otto na Bi Hilda Stuhr, maili sita kaskazini mwa mji huu wa Dry Willow, Nebraska, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Alianza masomo mwaka 1946 katika Shule ya Kaskazini, shule ya chumba kimoja na mwalimu mmoja, na inasemekana kwamba kufikia darasa la tatu alikuwa ameshaanza kumpangia mwalimu huyo ratiba. Alimaliza sekondari hapa mjini Mei 1959, wa pili kati ya wanafunzi kumi na wanne, na hadi mwaka jana alikuwa bado anayabishia matokeo ya yule wa kwanza.

Juni mwaka huohuo aliajiriwa kwenye ghala la nafaka la ushirika, kazi yake kupima malori mzanini, na huko ndiko alikomwona Emil Kolarik, kijana aliyekuwa akileta mtama wake kidogo kidogo, safari tatu kwa siku, hadi Verna akamwambia, "Bwana we, ama lori lako linaumwa, ama una neno la kusema." Neno alikuwa nalo. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 6 Oktoba 1962, wakajaliwa watoto watatu, Raymond, Janelle na Dwight, wakaishi pamoja hadi Emil alipotutoka mwaka 2007.

Mwaka 1976 Verna alichaguliwa kuingia bodi ya shule, na mwaka 1981 akawa mwenyekiti wake. Julai 1983 bodi ilimwajiri Bwana Gordon Thiessen, kutoka Kansas, awe mkurugenzi wa shule zote za mji, mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, na Verna, aliyempigia kura, hakumwacha afanye kazi hata wiki moja, mara yumo jikoni anambadilishia mpishi supu, mara yuko uwanjani anamweleza kocha nani acheze.

"Bi Kolarik," Bwana Thiessen alimwambia siku moja, "wafanyakazi hawajui wamsikilize nani."

"Wamsikilize mwenye akili," Verna akamjibu, akaenda zake.

Tarehe 18 Januari 1984, mawingu ya theluji yalipotanda, Bwana Thiessen aliagiza mabasi yote yabaki shuleni na watoto wasitoke, lakini Verna, akiamini kwamba tufani ilikuwa bado mbali, alimpigia simu dereva Lester Pribyl, akamwamuru awapeleke watoto wa kaskazini nyumbani mapema. Basi lilikwama kwenye theluji likiwa na watoto kumi na tisa, Dwight wake mwenyewe akiwa mmoja wao, wakakaa humo saa nne nzima katika baridi kali, hadi mkulima mmoja alipowafikia kwa trekta, wote wazima, Mungu ashukuriwe.

Jumatatu iliyofuata, tarehe 23, watu walijaa kwenye mkutano wa bodi wakitaka mkurugenzi afukuzwe kwa kudhani yeye ndiye aliyelituma basi, na kati ya wajumbe sita, wanne walikuwa tayari. Lester alinyamaza kwa kumwogopa Verna, naye Bwana Thiessen, aliyekwisha kujua simu ile ilitoka kwa nani, alikaa kimya mikono mezani. Verna alitusimulia baadaye kwamba kimya kile kilimchoma kuliko matusi, kwa maana aliona mtu akikubali kupoteza kazi kuliko kumwaibisha mwenyekiti wake mbele ya majirani.

Akasimama. "Mkurugenzi alikataza basi lisitoke," akasema. "Aliyemwamuru Lester ni mimi. Kama kuna wa kufukuzwa, mlango nimeuona."

Mama mmoja, ambaye watoto wake wawili walikuwa katika basi lile, akasema, "Kaa chini, Verna. Ila usirudie."

Kesho yake alimwita Bwana Thiessen jikoni kwake, akamkatia pai ya cheri, wakakaa kutwa nzima.

"Bodi iamue tunakwenda wapi," Bwana Thiessen akasema, "usukani niachieni mimi."

"Na ukipotea njia?"

"Niulize mbele ya bodi. Usimuulize dereva."

"Sawa. Na wewe, habari mbaya isinifikie kazini kwangu mzanini kabla hujaniambia wewe."

Tangu hapo, kila Jumanne asubuhi walikunywa kahawa pamoja, na mzazi aliyempigia Verna simu kulalamika aliulizwa kwanza, "Umeshazungumza na mwalimu wake?" Msidhani waliacha kugombana. Mwaka 1986 Bwana Thiessen alipendekeza kuifunga Shule ya Kaskazini, Verna akapinga kwa nguvu zake zote, akashindwa kwa kura nne kwa mbili, akalia usiku ule, na asubuhi akaenda yeye mwenyewe kuwaeleza wazazi uamuzi wa bodi bila kumsema mtu, akasaidia kupakia madawati. Jengo jipya la shule, ambalo wapiga kura walilikataa mwaka 1989, walilikubali mwaka 1991 kwa tofauti ya kura arobaini na moja, baada ya hao wawili kupita nyumba kwa nyumba katika gari moja, wakibishana njia nzima.

Bwana Thiessen alistaafu mwaka 2002, akachaguliwa kuingia bodi mwaka 2004, na katika mwezi wake wa kwanza akakutwa jikoni shuleni akimwelekeza mpishi. Verna alicheka hadi akashika ukuta. "Gordon," akamwambia, "toka humo, si kazi yetu."

Marehemu alitoka katika bodi Desemba 2010, baada ya miaka thelathini na minne. Februari mwaka huu madaktari waligundua kwamba moyo wake umechoka, akachagua kukaa nyumbani, na alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2019, akafariki mikononi mwa Janelle, akiwa na umri wa miaka sabini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maelekezo yake, majirani waliotuletea chakula na kutuvunia mahindi, wenzake wa ushirika na wa bodi, na Bwana Thiessen, ambaye Jumanne, siku moja kabla ya kifo chake, alikuja na kahawa yake kama kawaida, na leo ameketi pamoja na familia kwa agizo la marehemu.

Pumzika kwa amani, shangazi, na huko uendako, tafadhali, mwache Mungu aendeshe mwenyewe.