Vali ya Dobi Hufunga kwa Kushoto

Fungeni mlango, mkae. Wewe mkubwa, tia simu yako mfukoni, hao wanaokutafuta ofisini wataishi bila wewe nusu saa, na mimi sina hakika kama hiyo nusu saa ninayo. Wa pili, hicho kiti kina mguu mbovu, kikalie kwa adabu. Na wewe binti yangu njoo hapa kitandani, karibu na mkono wangu. Dada yenu huyu amewawekea glasi za maji hapo mezani, maji ya bomba letu la nje. Karibuni maji. Halafu nisikilizeni, na asinikatize mtu.

Najua kilichowaleta, na si mimi. Miezi mitano nimelala hapa. Mkubwa umekuja mara mbili, na mara zote umesimama hapo mlangoni kama mgeni anayeogopa kuchafua viatu, ukauliza daftari liko wapi. Miaka thelathini na sita nimefungua na kufunga maji ya mji huu. Kwenye ofisi yenu ya maji mna michoro ya ukutani yenye rangi za kupendeza, lakini mabomba ya kwenye mchoro siyo yaliyo ardhini, na mnajua hivyo, ila mnaona haya kusema. Ya ardhini yamo humu kichwani mwangu na katika daftari hilo: vali iko hatua ngapi kutoka kwenye nguzo, inazunguka mara ngapi, ipi ukiilazimisha itakukatikia mkononi. Waliniita Sikio, kwa sababu nilikuwa naweka chuma changu barabarani, ncha moja chini na nyingine sikioni, nikisema chimbeni hapa, basi wakichimba hapo wanalikuta bomba linavuja.

Mkubwa unalitaka daftari ili uonekane fundi mbele ya wakubwa wako. Wa pili, usicheke, wewe unalitaka ili maboza yako ya kuuzia maji yafike mtaani kabla bomba halijakauka. Nimekuzaa nikijua utauza kitu. Sikujua utauza kiu. Hampati. Daftari ni la dada yenu, na chuma changu ni chake, na nyumba hii ni yake pia. Mlimwonea haya alipoingia genge la maji taka. Mkubwa, siku ya harusi yako ulimketisha nyuma kabisa, ukawaambia wakwe zako kwamba anafanya kazi ya mazingira. Anaingia kwenye chemba hadi kiunoni kuzibua uchafu wenu, kisha anarudi hapa kunigeuza kitandani, na mikono yake ni misafi kuliko saini yako. Kunja uso upendavyo, bado sijaanza.

Nataka kusema habari ya fundi cherehani na binti yake. Mnaisikia mashine ng'ambo ya barabara? Ndiye huyo. Zamani alikuwa na cherehani tatu na wasaidizi wawili, leo ana hiyo moja, na wateja wake ni wale tu wasiojua habari zake. Mji mzima unajua kwamba yeye ndiye aliyetoboa bomba ili aibe maji, uchafu ukaingia, mtaa wetu wa chini ukaugua, na mtoto wake mwenyewe wa miaka minne akafa. Alifungwa miezi minane. Alitoka akakuta mkewe ameshaondoka. Na barua iliyosema ametoboa bomba uliiandika wewe, mkubwa.

Tulia. Nimesema asinikatize mtu.

Vali zote za mji huu hufungwa kwa kulia. Zote, isipokuwa moja, ile iliyo mbele ya duka la dobi, inayopeleka maji mtaa wetu. Ile hufunga kwa kushoto. Waliolaza bomba lile wameshakufa na sababu yao wamekwenda nayo. Mimi nilikuwa naiacha nusu wazi mwaka mzima, maana ukiifungua yote mabomba mabovu ya huku chini yanapasuka. Niliposta­afu, wiki ile ile, wewe ukatuma genge lako: mzee alikuwa anawabania watu wa chini maji, kafungueni yote. Ulitaka wakushangilie, nami sikulaumu kwa hilo. Genge likazungusha kushoto, kama mtu anavyofungua vali yoyote duniani, likaondoka. Kumbe limefunga.

Siku tisa bomba likakaa tupu. Na binti yangu atawaambia, bomba letu limelala ubavuni mwa bomba la maji taka lililojaa nyufa, mkono mmoja tu baina yake. Bomba la maji likiwa limejaa halikubali kitu kutoka nje. Likiwa tupu, linafyonza. Siku ya kumi mtu mmoja wa genge lako akagundua, akazungusha kulia, maji yakaja kwa nguvu na kila kilichokuwemo. Watu walipiga vigelegele, mkubwa. Nilikuwepo. Watoto walikinga kwa mikono wakanywa.

Huyo mtu wa genge alikujia akakueleza. Najua, maana alikuja kwangu kwanza, analia. Ukamhamishia kwenye chanzo cha maji, mbali na masikio ya watu, kisha ukaenda kutafuta mpira wa plastiki wa kuvutia maji uani kwa fundi cherehani, uwe ushahidi. Nani katika mtaa huu hana mpira wa plastiki uani? Na baada ya hapo ukabandika mabango kila kona, tutunze maji, kila tone ni uhai, ukiwafundisha kubana maji watu wanaoyapata siku mbili kwa wiki, na tangi la kilimani linafurika kila alfajiri kwa sababu boya lake limekatika na hakuna aliyepanda kulitengeneza. Ungependa kuokoa maji ungeanza na tangi lako.

Ulinijia jioni ile ukaniambia, baba, damu nzito kuliko maji. Nami nikanyamaza.

Mnaona nawachukia. Leo nawachukia kweli, lakini uchungu wangu mkubwa nimejiwekea mwenyewe, na sasa mtajua kwa nini. Binti yangu, fungua daftari, ukurasa wenye alama ya doa la mafuta. Vali ya dobi. Soma kilichoandikwa. Hatua kumi na nne kutoka kwenye nguzo, mizunguko ishirini na miwili. Basi. Hakuna neno kushoto. Sikusahau. Tulikuwa hivyo sisi watu wa vali, kila mmoja alibakiza kitu kimoja asichokiandika wala kumwambia mtu, ili ofisi isije ikamtupa. Nilijiambia, siku ikiwaka moto watanirudia, watasema mwiteni Sikio. Nikastaafu bila kusema. Na wewe mkubwa ulikuwa umeapa hutaniuliza kitu maishani, tangu nilipokutukana mbele ya wenzako kwamba hujui hata kushika spana. Wewe hukuuliza, mimi sikusema, na mtoto wa jirani akanywa maji. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi hiki hapa changu kimeshafika, na wewe usidhani chako hakijui njia.

Nipeni mto... juu kidogo. Hapo.

Sasa maagizo. Mkubwa, utaandika barua ya pili, kwa mkono wako, useme ilikuwa vali. Utaisoma pale kwenye bomba la jumuiya, saa ya foleni, fundi cherehani akiwepo. Watakufukuza kazi. Sawa. Na bomba letu lihamishwe lisilale tena na lile la maji taka, kwa sababu kila mkifunga kwa mgao linafyonza tena, na wewe kila mwezi unatia saini karatasi kwamba maji ya mtaa wa chini ni salama. Dada yenu huyachemsha mpaka sufuria inapiga kelele.

Unatikisa kichwa. Unasema maji ni salama.

Glasi hizo zipo tangu mlipoingia. Wa pili umekuja na chupa yako, nimekuona. Na wewe uliyetia saini, hujaigusa. Dada yenu aliyakinga asubuhi, bila kuyachemsha, mimi ndiye niliyemwambia. Kunywa, mwanangu. Ni maji tu. Hutaki. Basi binti yangu nipe mimi glasi ya kaka yako, kiu ninayo kweli, na kama kuna anayestahili kuyanywa ni yule ambaye hakuandika neno moja. Lete. Usilie, lete... Mkono wangu utafika...

Niachie.

Niachie mkono, mkubwa. Unaninyang'anya nini? Si umesema salama? Umeyamwaga. Umemwaga kitandani kwangu mpaka shuka limelowa... haya. Haya, mwanangu. Umeshasema sasa. Dada yako ameona, na huyu muuza maji ameona. Umeshindwa kuwa mwongo mara hii moja, kwa ajili ya baba yako. Laiti ungeshindwa vile vile kwa ajili ya mtoto wa mtu.

Keti. Pumzi... naona ziko mbali.

Wa pili, maboza yako matatu yalete mtaani humu mpaka siku bomba litakapohamishwa, na usimwambie mtu bei. Binti yangu, chukua kalamu, andika kwenye lile doa: hufunga kwa kushoto. Andika kwa herufi kubwa. Wewe nimekuridhia tangu zamani. Mungu akupe watoto watakaokuambia kila kitu.

Na wewe mkubwa... unataka radhi, nayaona macho yako. Radhi yako sinayo hapa. Nimeiweka ng'ambo ya barabara. Akikusamehe yule, na mimi nimekusamehe... na mwambie, mwambie na mimi naomba. Mashine imenyamaza, atakuwa anafunga duka. Nenda sasa hivi, usingoje nife kwanza.

Mlango... uache wazi. Nataka kusikia atakavyokujibu.